Nilipasuliwa Kupunguza Unene, Dada Yangu Akasema ni Kidole Tumbo

Nina umri wa miaka ishirini na saba. Sijaolewa, nina shahada ya takwimu ambayo haijanipa kazi ya kudumu, na ninaishi Mbagala na mama yangu mzazi. Majina ya humu nimeyabadilisha, isipokuwa la Mbagala.

Mkasa huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Mtu akinijibu "poa" kwenye simu, ninaweza kushinda mchana mzima nikijiuliza kama amekasirika. Lakini hili si la kuwaza. Makovu ninayo, nikivaa nguo ya kubana nayahisi...

Nimekuwa mnene tangu utoto. Shuleni niliitwa Bonge, chuoni wakaniita Mama Mkubwa na wala sijazaa. Nyumbani hakuna aliyeona tatizo. Mama yangu ni mpishi wa shughuli. Ukisikia harusi, hitima au maulidi upande wetu wa Temeke mpaka Kigamboni, ujue sufuria nyingine ameshika yeye. Kwake mtoto mnene ni sifa. Angesemaje mpishi ambaye mwanawe amekondeana? Watu si wangesema analisha wa nje na wake analala njaa?

Mwaka uliopita nilianza kuchoka bila kazi. Nilikuwa nikishtuka usingizini kama mtu aliyezama majini. Magoti yakawa yanalia nikipanda ngazi. Nilipokwenda kupima, daktari akaniambia sukari imepanda, presha nayo, na kwamba kwa umri wangu hayo yamewahi mno. Akasema zipo dawa, upo mlo, yapo mazoezi, na kwa mwili kama wangu, hayo yakishindikana, upo upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula kwa matundu madogo. Alisema kwa upole kabisa, bila kunisukuma. Mimi nilisikia neno moja tu ambalo hata hakulitamka. Kufa.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda Tegeta kwa dada yangu.

Dada yangu Zuhura ndiye mkubwa, mimi ndiye kitinda mimba. Naye alikuwa mnene kama mimi, tulikuwa tukiazimana magauni. Kisha ndani ya mwaka mmoja akapungua hadi watu wakampita njiani bila kumtambua. Akaanza kuuza chai ya kupunguza mwili. Picha yake ya kabla na baada ilikuwa kwenye simu ya kila mwanamke wa mtaani kwetu. Hata mimi niliinywa ile chai kwa miezi, mpaka choo kikawa chumba changu cha pili. Sikupungua chochote zaidi ya usingizi.

Siku hiyo nililia mbele yake mpaka kwikwi zikanikaba. Akafunga mlango wa chumbani, kisha akapandisha blauzi.

Tumboni kwake kulikuwa na makovu madogo matano, yametawanyika juu ya kitovu kama alama za tetekuwanga.

"Nilipasuliwa, Mwanaidi," akasema. "Hiyo chai hata mie siinywi."

Nilikaa chini. Sote tulijua alipasuliwa, ndiyo, lakini alituambia ni uvimbe kwenye kizazi. Mama wakati ule alikuwa Rufiji akimuuguza bibi. Hata mume wake, shemeji Idrisa, aliambiwa ni uvimbe huohuo! Mwanaume wa watu alichinja mbuzi wa shukrani mkewe alipopona ugonjwa ambao hakuwahi kuumwa.

Dada akaniambia atanilipia matibabu yote. Alikuwa na masharti mawili. Kwanza, asijue mtu yeyote, hasa mama. Pili, nikishapungua, picha zangu ziingie kwenye biashara pamoja na zake.

Mtaniuliza, msomi mzima ulikubalije? Nami najiuliza hivyo kila siku. Nadhani ni kwa sababu yeye ndiye mtu pekee niliyemjua aliyewahi kuishi ndani ya mwili kama wangu akatoka. Na alinikumbatia. Siku ile alinikumbatia kwa upendo wa kweli, hilo siwezi kumnyang'anya.

Nisiwadanganye, wasomaji wenzangu, hospitali hawakunificha kitu. Walinipima damu, moyo, tumbo, wakanihoji hadi ninavyolala na ninavyokula nikiwa na huzuni. Walinipa mlo mwepesi wa kufuata kabla ya siku yenyewe, ili ini lipungue mafuta lisiwazibie njia. Daktari mpasuaji alinichorea mfuko wa chakula kwenye karatasi, akaukata kwa mstari, akaniambia kitakachobaki ni chembamba kama ndizi. Akaniambia kisukari kinaweza kutulia, kwa wengine hurudi. Kwamba nywele zinaweza kunyonyoka kwa muda. Kwamba ngozi italegea. Kwamba vidonge vya vitamini vitakuwa vyangu hadi kaburini, na mimba nisiishike mpaka mwili utulie, mwaka na zaidi.

Kisha akasema jambo ambalo nilipaswa kulichanja kwenye paji la uso wangu. "Matundu ni madogo, lakini kazi ya ndani ni kubwa. Usidanganywe na ngozi."

Dada wa lishe pale hospitali ndiye aliyenieleza habari ya chakula. Majuma ya mwanzo ni vyakula vya majimaji tu, kwa vifunda, baadaye vilainishwe kama vya mtoto anayeachishwa ziwa, na vigumu vije mwisho kabisa. Nikipata homa, moyo kwenda mbio, au maumivu tumboni na begani yasiyoisha, nirudi hapohapo haraka. Nikiangukia hospitali nyingine, niseme mapema nilichofanyiwa.

Akauliza, "Nyumbani anapika nani?"

"Mimi hapa," dada yangu akajibu. "Anafikia kwangu."

Nilirekodi mazungumzo yote kwenye simu. Nikawa nasikiliza nikifua, nikioga, nikipiga pasi. Niliwaza kila kitu ambacho kingeweza kwenda vibaya. Niliwaza dawa ya usingizi, niliwaza umeme kukatika katikati ya upasuaji, niliwaza nitazikwa na sanda ya ukubwa gani... Kitu kimoja tu sikukiwaza. Sikumuwaza mama.

Upasuaji ulikwenda salama. Nilipozinduka, kilichoniuma zaidi kilikuwa bega! Nikadhani wamenipasua mahali pasipo. Nesi akacheka, akasema ni ile gesi waliyonijaza tumboni ili waone vizuri, hupanda begani, dawa yake ni kutembea. Basi nikatembea kwenye korido nimeshika stendi ya dripu kama bi kizee na mkongojo wake. Nilipewa maji kwa kikombe kidogo, kifunda kimoja, pumzi, kifunda kingine. Njaa sikuwa nayo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na njaa, na nililia kwa kukosa cha kuhisi.

Mama alikuwa ameambiwa ni kidole tumbo. Ugonjwa unaojulikana, hauna maswali, kila nyumba ina mtu aliyekatwa. Mpango ulikuwa nitulie Tegeta kwa dada mpaka niweze kula kidogo.

Lakini sisi watu wa pwani mgonjwa anauguzwa kwao. Siku chache tu baada ya kutoka hospitali, mama akatokea Tegeta na kanga zake begani, bila taarifa. Akamsalimu shemeji, akanitazama, akamgeukia dada.

"Mwanangu kapasuliwa, halafu anauguzwa kwenye nyumba ya mkwe, mie mama yake nimekufa?"

Dada akajaribu kumzuia. Akasema sijapata nguvu ya safari, akasema Mbagala kuna joto. Mama akasema joto la Mbagala ndilo lililonilea. Yakaishia hapo. Nilimtazama dada, dada akanitazama. Hapo ndipo alipopaswa kusema! Angemvuta mama chemba, akamnong'oneza. Badala yake aliniwekea vidonge kwenye mkoba, akaniambia kwa sauti ya chini, "Jikaze. Sema huna hamu ya kula."

Sema huna hamu ya kula. Katika nyumba ya mpishi.

Jamani, mmewahi kuugua uswahilini? Tangu asubuhi wanakuja kukujulia hali, na hakuna anayekuja mikono mitupu. Huyu na hotipoti la chapati, yule na supu ya pweza, mwingine na maandazi ya moto "uchangamshe mdomo." Mama naye anapika kana kwamba kuna hitima. Nami nalalia ukuta, nakunywa vifunda vya maji ya supu, nasingizia kichefuchefu.

Bi Kidawa, jirani yetu, ndiye aliyeanza. Alikuwa ameketi kwenye mkeka miguu ameinyoosha, anakula zile chapati alizoniletea mwenyewe.

"Mama Zuhura, mie mwanangu alikatwa kidole tumbo, siku ya nne kafuta sahani ya ugali. Huyu wako vipi?"

"Ndo namshangaa," mama akasema.

"Wasomi hawa. Labda anataka aletewe menyu achague."

Wakacheka. Mama alicheka pia, lakini niliona macho yake. Jioni ile aliingia chumbani na sahani ndogo. Wali wa nazi, na kipande cha samaki wa kupaka. Akaketi kitandani, akanawa, akafinyanga tonge.

"Mwanaidi," akasema, "watu wanafunga safari kuja kula mkono huu. Mwanangu ndo anautema?"

Nilisema, mama, tumbo linauma. Akasema tumbo tupu ndilo linalouma. Akalishika tonge mbele ya mdomo wangu kama nilipokuwa mtoto. Mama yangu hajasoma vitabu vya kuonyesha mapenzi. Anajua lugha moja tu, na nilikuwa siku zote hizo namjibu kwa kufumba mdomo.

Ningesema nini? Nilianza kupanga sentensi kichwani. "Mama, kuna kitu hatukukwambia." Hapana, ataniuliza nani na nani. "Mama, usikasirike." Hapana, ndiyo ataanza kukasirika. Nikawa bado napanga, nikafungua mdomo.

Nilimeza tonge la kwanza. Nikameza la pili, dogo. La tatu halikupita. Nilihisi kama jiwe limekwama kifuani, kisha nikatapika, na nikaendelea kutapika hata pasipokuwa na cha kutoka.

Madaktari baadaye waliniambia hawawezi kuapa kwamba ni lile tonge. Walisema mshono wa ndani unaweza kuvuja hata kwa mtu aliyefuata kila kitu. Namshukuru Mungu kwamba walilisema mama akiwepo. Lakini yeye hakulisikia. Mpaka leo halisikii.

Kesho yake mchana nikawaka homa. Bega la kushoto likaanza tena, safari hii si kwa gesi. Moyo ulikuwa unapiga mbio kama nimekimbizwa na mbwa. Mama akampigia dada, dada na shemeji Idrisa wakaja na gari, wakanipeleka kituo cha afya cha jirani. Mimi nilimwambia dada, kwa pumzi fupifupi, tuvuke mjini, twende kulekule nilikopasuliwa. Alinijibu kwamba hapa ndiyo karibu. Shemeji alikuwa kwenye usukani, anasikia...

Daktari wa pale alikuwa kijana, mpole, amezidiwa na foleni. Akauliza amepasuliwa nini.

"Kidole tumbo," mama akasema.

Daktari akamtazama dada, kwa kuwa ndiye aliyeonekana mjuzi wa mambo, miwani kichwani na funguo mkononi. Akamuuliza kama ni hivyo.

Nilimtazama dada yangu. Nilimtazama kwa macho yangu yote.

"Ndiyo, daktari," akasema. "Kidole tumbo."

Wakaniwekea dripu. Wakasema ni homa ya kawaida, huenda malaria imeingilia. Saa zikapita, nikazidi kuvimba tumbo na kubanwa pumzi. Akili yangu, ile inayowaza kila kitu, ikawa imetulia kwa mara ya kwanza. Haikuwa na hoja wala sentensi za kupanga. Nilishika ushungi wa mama, nikamvuta sikio lake mdomoni kwangu.

"Mama. Sikukatwa kidole tumbo. Nilikatwa mfuko wa chakula ili nipungue. Dada anajua."

Mama akanyanyuka taratibu, akamgeukia Zuhura.

Wasomaji wenzangu, yaliyotangulia yote nimeyasamehe. Hili nalihangaikia mpaka leo. Dada yangu wa tumbo moja alinikaribia, akanipapasa paji la uso kwa upole, akasema, "Homa kali hii, mama. Anaweweseka."

Anaweweseka!

Mama hakubishana. Alinifunua shuka, akapandisha gauni langu mpaka kifuani, akasimama akiyatazama yale matundu chini ya mbavu. Daktari akasogea. Mama hakumjali. Aliyatazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua, akitafuta ilianzia wapi. Kisha akasema bila kugeuka:

"Zuhura. Na wewe funua."

"Mama..."

"Funua tumbo lako nilione. Mumeo yupo, daktari yupo, mie niliyekuzaa nipo. Hakuna mgeni hapa."

Dada hakufunua. Alishika ncha za blauzi yake kwa mikono yote miwili, akaivuta chini, akaanza kulia. Hilo lilikuwa jibu tosha. Shemeji Idrisa alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba.

"Uvimbe je?" akamuuliza. Alisema hivyo tu.

Daktari yule kijana ndiye aliyepiga simu, akaita gari la wagonjwa. Aliniambia baadaye kwamba kama angeambiwa mapema asingenikawiza hata kidogo.

Nilipasuliwa tena, na safari hii si kwa matundu. Niliwekwa chumba cha mahututi, nikapitishiwa chakula kwa mrija. Usaili wa kazi niliousubiri mwaka mzima ulinipita nikiwa sijui hata jina langu. Niliamka na kovu kutoka kifuani hadi kitovuni, na mama kando yangu amekuwa mdogo, kama ni yeye aliyepunguzwa.

Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu, siku nilipoweza kuketi. "Uliniona siwezi kupika uji mwepesi?"

Mnanielewa? Mwanamke anayelisha harusi za watu alikuwa tayari kunichujia uji kwa kitambaa cha tui la nazi kila asubuhi, kama kuna mtu angemwambia. Ndiyo anachofanya sasa. Ananipimia kwa kikombe cha kahawa, akikaa kunitazama nikimaliza kabla ya kuniongezea. Dada wa lishe alimfundisha siku moja, mama akamfundisha Bi Kidawa, na sasa Bi Kidawa ananigombeza nikila haraka.

Nimepungua. Sukari imeshuka, nalala bila kushtuka. Nywele zilinyonyoka kweli, ngozi ya mikono inaning'inia, na vidonge navimeza kila siku. Yote waliyoniambia hospitali yamekuwa kama walivyosema. Kwa hiyo sitawaambia upasuaji ni mbaya. Nitakuwa mwongo wa aina nyingine.

Shemeji Idrisa na dada wako nyumba moja, lakini hawazungumzi kwa raha. Mimi na dada hatuzungumzi kabisa. Mama hutuombea sote wawili kwenye dua moja, majina yetu yakifuatana, nami huitikia amina kwa shida.

Mwezi uliopita binti wa nyumba ya tatu alikuja kubisha hodi. Ana miaka kama ishirini, ana mwili kama niliokuwa nao. Alimwamkia mama, akaketi pembeni yangu, akaona haya, kisha akatoa simu.

"Sista, samahani. Ile chai ulikunywa muda gani mpaka ukawa hivi?"

Kwenye simu kulikuwa na picha yangu. Mimi wa kabla, nimevaa gauni la kuazima. Mimi wa baada, nimepigwa kwa mbali nikitoka kliniki, sikujua hata aliyenipiga. Chini yake maneno ya dada yangu: "Mdogo wangu wa damu. Chai tu, bila kisu."

Nilianza kuwaza. Nikisema, nitamwaibisha dada. Nikinyamaza... Nikamsikia mama jikoni ameacha kukoroga. Alikuwa anasubiri, kama nilivyosubiri mimi kwenye kile kitanda cha kituo cha afya.

Nikapandisha gauni langu, nikamwonyesha.

Ndugu wasomaji, hasa nyie mabinti mnaochekwa miili yenu. Mkiamua kupasuliwa, pasuliweni kwa ushauri wa daktari na moyo mkunjufu, wala si dhambi. Lakini msiingie kwenye ule mlango kwa uongo. Mwambieni anayewapikia. Mwambieni atakayewabeba mkizidiwa, na muwe na hakika kwamba siku hiyo ulimi wake hautakuwa na biashara nyingine ya kulinda. Aibu ya kusemwa mtaani nimeionja, inapita kama harufu ya dagaa. Lakini kulala unakufa mbele ya mtu anayejua dawa yako, naye anakupapasa uso na kusema unaweweseka... hilo, jamani, halina kliniki.